Kabati la Mpishi wa Bakteria

Swali la kwanza mnaloniuliza, nyinyi vijana mnaokuja labo na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, ni lile lile kila mwaka: mavi ya nyani yananuka namna gani? Nitajibu ili tuendelee na mambo mengine. Nyani akila matunda ya masuku, yananuka kama pombe iliyosahauliwa jikoni. Akila mizizi, hayanuki sana. Akiiba mahindi ya watu, yananuka kama ya mwizi mwingine yeyote. Sasa mnajua. Kaeni chini.

Mimi ni Donat. Shule niliiacha katikati ya sekondari, nikaja kuendesha pikipiki ya maabara ndogo hapa Likasi, na kutoka kwenye pikipiki nikawa mkusanyaji wa mavi ya nyani wa porini, hadi nilipostaafu. Maabara ilitafuta bakteria wanaoishi ndani ya matumbo ya nyani, hasa wale ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuwapa jina. Kwa nini? Daktari Mwepu, mkuu wetu, alikuwa na jibu refu lenye picha za ukutani. Nililolishika mimi ni fupi. Nyani anakula majani magumu na mbegu ambazo zingetulaza wewe na mimi hospitali, naye anashuka mtini mzima, kwa sababu tumboni mwake ana wafanyakazi. Tulitaka kuwajua wafanyakazi hao mmoja mmoja. Sitajifanya kwamba nilielewa zaidi ya hapo.

Mke wangu Albertine alikuwa mpishi wa labo. Hakupikia watu. Alipikia bakteria. Aliingia kazini kabla yangu, kwa hiyo nyumbani nilikuwa baba wa familia, na labo nilikuwa mwanafunzi wake. Njia ya kutoka nyumbani hadi labo ni fupi, lakini mahali fulani njiani cheo changu kilikuwa kinaanguka, na sikuwahi kukiona kinaangukia wapi.

Nianze na kosa la kwanza, maana nanyi mtalifanya. Nyani hulala juu ya miti mirefu, na asubuhi, kabla hawajashuka kutafuta chakula, hujisaidia. Hiyo ndiyo saa ya kazi. Mavi yakipoa, yakipigwa na jua, yakitembelewa na nzi, bakteria wa udongo wanaingia na wa tumboni wanakufa. Kwa hiyo unafika mapema, unasubiri karibu na mti. Nasema karibu na mti. Siku yangu ya kwanza, kule kwenye msitu wa upande wa Mwadingusha, nilisimama chini ya mti wenyewe, nikiangalia juu, mdomo wazi kwa ajili ya uzuri wa asubuhi.

Niliporudi, Albertine alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Weye Donat, banakutuma ulete mavi mu tube. Haina mu nywele."

Alinimwagia maji nyuma ya labo, akicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha. Vaa glavu na barakoa, kwa sababu ugonjwa wa nyani unaweza kuwa wako, na wako unaweza kuwa wa nyani. Chukua kijiti kisafi, pasua katikati, uchote cha ndani tu, ambacho hakijagusa udongo wala hewa. Jaza tyubu mpaka shingoni, funga. Bakteria wale wamezaliwa gizani, mahali pasipo na hewa. Sisi tukikosa hewa tunakufa, wao wakiipata wanakufa. "Hewa njo mamba yabo," alikuwa akisema. Hewa ndiyo mamba wao.

Kosa la pili lilikuwa la heshima zaidi, maana lilimdanganya hata Daktari kwa nusu siku. Nilileta tyubu nzuri sana, ya moto, iliyofungwa vizuri. Daktari aliangalia chini ya hadubini, akafurahi, akasema nyani huyu ana bakteria wengi ajabu, tofauti na wenzake wote. Albertine alikuwa akiosha kijiti nilichochotea. Akayaangalia yale mabaki, akayazungusha kwenye maji.

"Donat, nyani yako iko na bibi?"

"Namna gani?"

"Juu alikula bukari na sombe. Nani alimupikia?"

Nyani hapikiwi ugali na kisamvu: wachoma makala, wale wa makaa ya miti, walikuwa wamelala karibu na mti ule, na mavi yalikuwa yao. Daktari Mwepu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alitoka nje akaenda kuzunguka jengo. Tangu siku hiyo, kila nilipoleta tyubu, aliniuliza kwa sauti ya ofisi: "Papa Donat, huyu mgonjwa wetu ana mkia?"

Na njiani nako kulikuwa na mambo. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua kwamba mtu akipita karibu na Kamatanda na sanduku lililofungwa, kila mwenye filimbi anadhani amebeba mawe ya shaba. Kwenye kizuizi kimoja cha njiani palikuwa na mlinzi kijana aliyenisimamisha.

"Papa, fungua. Iko nini mule?"

"Mavi ya nyani."

Akanitazama kwa huzuni. "Bantu banapitisha minerai hapa, banasema iko samaki. Banasema iko mukate. Weye njo wa kwanza kusema iko mavi. Fungua."

Nikamsihi asifungue tyubu, nikamweleza habari ya hewa na mamba. Kadiri nilivyosihi, ndivyo alivyoona shaba. Alifungua moja, akaweka pua. Ilikuwa msimu wa masuku.

"Pita," alisema. "Pita mbiyo."

Baada ya hapo sikusimamishwa tena. Alikuwa akiniona kwa mbali anainua mti wa kizuizi na kuwapigia kelele wenzake: "Acheni Papa Mavi apite!" Jina hilo lilifika Likasi kabla yangu. Albertine alilipenda. Alilitumia nilipokuwa na makosa tu, yaani mara nyingi.

Sasa jikoni kwake. Bakteria hawali chochote unachowapa. Alipika uji wa agar, ule mwani unaoganda kama jeli, na aliusonga kama bukari ya wageni, bila donge hata moja. Alitia damu ya kondoo kutoka machinjioni. Na kulikuwa na chakula kimoja cha zamani ambacho Daktari mwenyewe alimfundisha walipoanza kazi, kabla labo haijawa na friza: moyo wa ng'ombe. Unaukata vipande vidogo sana, unauchemsha, unavitia vipande pamoja na supu yake kwenye tyubu, unachemsha tena kwa mvuke wa nguvu, kisha unaziba. Nyama inakaa chini na kuondoa hewa iliyobaki. Ukipanda bakteria wa gizani ndani yake, hashughuliki sana, lakini hafi. Anakaa pale kabatini, kwenye joto la kawaida, kama mzee aliyepewa kiti kizuri.

Moyo ulipochemka, majirani wa labo walikuja mlangoni na sahani. "Mama Albertine, leo munapika nini? Arufu iko bien." Naye aliwajibu kwamba chakula ni cha bakteria wa nyani. Wengi waliona ni uchoyo. Sisi wafanyakazi tulikula samaki mkavu wa Tshangalele, bakteria wakala moyo.

Friza ilipokuja, kubwa, nyeupe, ya baridi kali, Daktari alisema mioyo basi. Kila bakteria angegandishwa, angelala humo miaka. Albertine hakubishana. Alimwamini Daktari. Friza aliiamini kidogo, na umeme hakuuamini kabisa. Nyumbani, alipotengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi yaliyochacha, hakuosha kibuyu mpaka mwisho. Alibakiza kidogo chini, wa kuamsha munkoyo mwingine. Nilimuuliza kwa nini asianze upya kila mara. Akaniambia: "Mwenye kumaliza yote, kesho anaenda kuomba ku jirani."

Huyo ndiye aliyekuwa mpishi. Jambo moja zaidi mlijue juu yake: hakuwahi kufika misa kwa wakati. Jumapili nilisimama mlangoni nimevaa, viatu vinang'aa, naye ndani anafunga kitambaa cha kichwa, anakifungua, anakifunga tena. Nilipiga kelele: "Albertine, misa imeanza!" Akajibu kutoka ndani: "Ngoja. Bado habajafika ku Evanjili." Maisha yangu ya ndoa niliyatumia mlangoni, na siyalalamikii.

Basi kuna sahani moja ya uji wa damu iliyokaa ndani ya chungu kisicho na hewa muda mrefu kuliko nyingine. Nyingine zilikuwa zimeota vitone vya kila rangi, tumezisoma, tumezitupa. Ile haikuota kitu. Niliibeba kwenda kuitupa. Albertine akaninyang'anya. "Iko na haraka ya kwenda wapi?" Akairudisha chunguni. Ilipofunguliwa tena kulikuwa na vitone vidogo kama jasho kwenye paji la uso. Hakuna miujiza hapo. Alikuwa mtu asiyeona sababu ya kuharakisha.

Daktari alimpaka bakteria yule rangi, akamwona: vijiti vyembamba vya waridi. Akampa sukari za aina mbalimbali aone anakula ipi. Halafu herufi zake za urithi zikaenda kusomwa ng'ambo. Jibu liliporudi, Daktari alituita sote jikoni. Alisema huyu hana ndugu wa karibu kwenye vitabu vyote. Ni mpya.

"Lazima apewe jina," alisema. "Mgunduzi hampi bakteria jina lake mwenyewe, ni aibu. Nimeamua aitwe *albertinae*. Yaani, wa Albertine."

Albertine aliweka chini mwiko. "Dokta, unapenda kuweka jina yangu ku mavi?"

"Si kwenye mavi, Mama. Kwa bakteria."

"Na bakteria anakaa wapi?"

Daktari akageukia kwangu. "Mu mavi," nikamsaidia.

Albertine alicheka, akafuta macho kwa kitenge. "Basi sawa. Lakini muntu asiambie bamama ba chorale." Jioni ile ile, kwenye mazoezi ya kwaya, aliwaambia mwenyewe.

Lakini jina la bakteria halisimami kwa kutamkwa jikoni. Daktari alitueleza sheria yake, nanyi mtaikariri mpaka mchoke. Bakteria mpya lazima awekwe akiwa hai kwenye maghala mawili maalumu, katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote anayetilia shaka aweze kumwomba na kumwona. Akifika mfu, hakuna jina. Unabaki na hadithi tu.

Albertine aliugua msimu wa mvua, na msimu ule hakuumaliza. Sina mengi ya kusema hapo. Vifurushi vya bakteria wake vilikuwa bado havijasafiri.

Tukiwa kwenye kilio, Daktari alivituma. Vyote viwili vilikaa kwenye joto la bohari fulani njiani, na kutoka kote jibu lilikuwa moja: hakuna kilichoota. Alisema si kitu, tuna wengine kwenye friza. Kisha umeme ukaondoka, ukakaa huko ulikokwenda. Jenereta likazunguka, likachoka, likanyamaza. Friza ilipofunguliwa, maji yalitoka mlangoni. Daktari alijaribu kila tyubu ya *albertinae*. Hakuna iliyoota.

Alikuja kuniambia nyumbani, amesimama, hakutaka kiti. "Papa Donat, kama hatumpati tena, siwezi kuandika jina lile. Nitakuwa nimesema uongo."

Nilimwambia ni kweli. Sikutaka jina la uongo juu ya mke wangu. Lakini kaburini nilikuwa nimeweka msalaba wa mbao, wa kawaida, na moyoni nilikuwa nimejiambia kwamba jiwe lake liko kwenye kitabu cha Daktari.

Nikarudi msituni. Nilikwenda asubuhi nyingi mahali pa mti ule alikotokea bakteria wake, na mti haukuwepo. Makala yamekula msitu upande ule wote. Kundi lile la nyani lilikuwa limehama. Nilileta mavi ya makundi mengine, na Daktari akapanda yote. Tulipata bakteria wengi wazuri. Yule hatukumpata. Mlinzi wa kizuizi, akiniona narudi na kitambaa cheusi cha msiba mkononi, aliinua mti bila kupiga kelele, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Sasa kabati. Kwenye jiko la labo Albertine alikuwa na kabati lake la mbao, na ufunguo wake ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge, ambacho shemeji yangu Léontine, dada yake, alikichukua siku ya maziko. Kwetu vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka ndugu zake waje kuondoa kilio, kumaliza matanga. Na mume ndiye wa mwisho kuvigusa. Mkaguzi wa usafi aliyekuja alitaka livunjwe, akasema kabati lililofungwa jikoni ni uchafu. Daktari, mtu wa vitabu, alisimama mbele yake na kusema: "Tunamsubiri dada yake." Hakuna aliyekuwa na wazo lolote juu ya kilichomo. Mimi nilidhani ni kikombe chake na karanga.

Siku ya kuondoa kilio, ndugu walinikata kitambaa, wakaninyunyizia unga, wakanirudishia mikono yangu, kama tunavyosema: niliruhusiwa tena kugusa vitu vyake. Kisha Léontine akasema: "Shemeki, twende ku labo tutoshe bintu yake."

Akafungua. Kikombe kilikuwemo. Karanga zilikuwemo, ndani ya chupa. Kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha akiba. Na nyuma, gizani, kwenye kishikio cha mbao, safu ya tyubu zilizozibwa kwa nta, chini ya kila moja vipande vya nyama ya kahawia. Kwenye plasta za dawa aliandika kwa kalamu yake nene. Tyubu za mwisho ziliandikwa: *Wangu*.

Daktari alitoa tyubu moja kishikioni. "Moyo," alisema. "Nilimfundisha mwenyewe. Halafu nikaacha."

"Anapika nini humu?" Léontine aliuliza, akinusa. "Na kwa nini bantu bote munaiangalia hivi?"

Nikamweleza. Alipoelewa kwamba jina la dada yake lilikuwa ndani ya tyubu ile, au halikuwa mahali popote, alivuta kiti akakaa jikoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia ndugu wasio wafanyakazi hawaruhusiwi.

Daktari alipanda. Chungu kikafungwa. Ilipofika siku ya kawaida ya kufungua, sahani ilikuwa tupu, nyekundu, laini. Daktari aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, uso wake ukaanza kuniandalia maneno. Nikamwambia airudishe. "Iko na haraka ya kwenda wapi?" nilisema. Akairudisha.

Nitawaambia kwanza yaliyokuja baadaye, ili msikae na wasiwasi. Jina limesimama. Safari ile Daktari hakugandisha. Alimkabidhi msafiri tyubu za moyo wa ng'ombe mkononi, na maghala yote mawili yalijibu kwamba anaishi. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuwa na pasipoti, sasa jina lake linatunzwa katika nchi mbili. Nanyi, mkiwa na friza nzuri kuliko ile, na mtakuwa nayo, chemsheni moyo mara moja kwa mwezi na mbakize kidogo kabatini. Majirani wakija na sahani, wapeni. Sisi hatukuwapa, na bado wananisema.

Lakini asubuhi ile hatukujua hayo. Daktari, Léontine na mimi tulisimama jikoni kwa mara ya pili, chungu mbele yetu. Daktari alifungua, akatoa sahani, akainamisha kuelekea dirishani. Vilikuwepo. Vidogo kama jasho, vingi, vimepangana kwenye mstari ambako sindano ilipita.

Léontine alisogeza uso karibu. "Njo yeye?"

"Hapana," nilisema, kwa sababu si yeye. Ni vijiti vya waridi kutoka tumboni mwa nyani. Najua tofauti, nimebeba tyubu nyingi sana, siwezi kukosa kuijua.

Léontine aliendelea kuangalia. "Lakini amechelewa sawa vile yeye."

Hapo ndipo nilipocheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko, na nikasema kwa sauti ya mlangoni, mbele ya Daktari na bila haya: "Albertine, misa imeanza."